Seif kaanguka mkarafuuni

Wete, Jumapili, baada ya Isha

Ndugu yangu Mbarouk,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, sijui nyinyi huko Dar. Bi mkubwa anakusalimu sana, na ile kanga ilifika, lakini haivai mpaka harusi ya kina Time, na harusi yenyewe kila ikikaribia inasogezwa. Najua umekasirika kwa kimya changu. Miezi mitatu si kidogo. Leo nimekaa na karatasi kwa sababu jambo hili nimejaribu kukwambia kwenye simu mara mbili, na mara zote mbili nimekata katikati nikakudanganya kuwa chaji imekwisha.

Seif wetu wa skuli kaanguka mkarafuuni. Yu hai, nianze na hilo usije ukaiacha barua ukakimbilia simu. Yu hai, anakula, anatembea. Lakini nisikilize mpaka mwisho, maana nina la kukuomba, na nina la kukugombeza.

Ilikuwa Jumanne, karibu wiki tano sasa, kule shamba la eka tatu, ule mkarafuu wa karibu na kisima tuliokuwa tukiuogopa tulipokuwa wadogo. Alfajiri ilinyesha mvua ya vuli, si kubwa, ya kurowesha magome tu. Niliwaambia vijana wangoje mti ukauke. Wakangoja mpaka saa tatu hivi, wakachoka, na mimi nikachoka kuwazuia. Unajua mwenyewe inavyokuwa: karafuu ishapiga wekundu, siku mbili tatu inachanua, na ikichanua haina bei tena. Tena nalipa kwa pishi. Anayejaza pishi nyingi ndiye anayekwenda nyumbani na fedha, na karafuu nono ziko nchani, siyo kwenye shina. Nimelifikiria hili usiku mwingi, Mbarouk. Hakuna aliyemwambia Seif aende kwenye ncha ya tawi, ila ile pishi yangu ndiyo iliyomwita.

Tawi lenyewe unalijua lilivyo. Mwembe hulia kwanza, unausikia, unarudi. Mkarafuu haukuonyi. Unakatika kama muhogo mkavu. Alikuwa na upembo, ule mti wa kigoe wa kuvutia matawi, mkono wa kulia, kikapu shingoni, mguu mmoja huku na mmoja kule, nikasikia "ta!" na kabla sijainua uso kikapu kimeshafika chini. Yeye alipiga tawi la chini kwanza, kwa upande wa kichwa, hapa juu ya sikio, halafu ndiyo akafika ardhini. Ni kama kuanguka kutoka juu ya paa la nyumba.

Akasimama! Ndiyo maana nakuandikia. Akasimama mwenyewe, akajikung'uta, akacheka, akaanza kuokota karafuu zilizomwagika. Kivimbe kidogo kama limau juu ya sikio, damu hakuna. Sote tukasema Alhamdulillah. Ali akamtania kuwa mti umemkataa. Nikampa chai ya sukari nyingi, nikamwambia aende bandani akalale kidogo mpaka kizunguzungu kiishe.

Nikamwambia alale.

Saa sita akasema kichwa kinamuuma. Nikampa dawa ya maumivu. Adhuhuri nikapita bandani, nikamsikia anakoroma, nikafurahi kuwa kapata usingizi. Ni Bi Time, alipoleta chakula, aliyesimama mlangoni akasikiliza, akasema, "Mkoromo huu si wa usingizi." Tukamwamsha, akaamka kwa shida, akatapika, akatapika tena, akaniita kwa jina la marehemu baba yake. Tukamnyanyua, Ali miguuni na mimi kwapani, kama gunia la mbata, tukamtia nyuma ya gari. Hospitali ya kwanza wakamtazama macho wakatupeleka ya pili bila maneno mengi, na huko akapigwa picha ya kichwa na usiku ule ule akafunguliwa fuvu, damu ikatolewa.

Daktari ni kijana kwa sura kuliko hata Seif mwenyewe. Alinichorea nyuma ya fomu kwa kalamu ya wino. Akanambia mfupa wa hapa pembeni, juu ya sikio, ni mwembamba, na ndani yake umepita mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka unaweza kuukata ule mshipa. Damu inavuja taratibu baina ya mfupa na ngozi inayofunika ubongo. Mwanzoni nafasi ipo, mtu anazungumza, anacheka, anaokota karafuu zake. Kisha damu inajaa, na fuvu halitanuki kama tumbo, kwa hiyo kinachobanwa ni ubongo. Ile nafuu tuliyoishukuru ndiyo iliyokuwa saa ya kumkimbiza.

Nikamuuliza ningejuaje. Akanambia, na nakuandikia kama alivyonambia maana nataka uwasomee vijana wako wa kukata miti: kichwa kinachozidi kuuma badala ya kupungua, kutapika mara kwa mara, usingizi mzito usio wa saa yake, maneno yaliyochanganyika, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya pili, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, degedege, maji maangavu au damu kutoka puani au sikioni. Likionekana moja tu, mtu apelekwe, hata kama ni yeye anayekataa. Na aliyepigwa kichwa haachwi peke yake siku hiyo na usiku wake. Akilala, aamshwe aulizwe jina lake na yuko wapi. Dawa za aina ya aspirini asipewe, zinazidisha kutoka damu. Halafu akaniuliza tulimbebaje. Nilipomwambia, alinyamaza kwanza. Aliyeanguka kutoka juu, kasema, mchukulie kama shingo yake imevunjika mpaka hospitali ikwambie haikuvunjika: asikalishwe, asivutwe kwapani, kichwa kishikwe kisigeuke, alazwe kwenye ubao au mlango, watu wanne wamnyanyue kwa pamoja. Mlango wa banda ulikuwa mbele yangu, Mbarouk. Niliufungua ili tupite naye.

Sasa ni wiki ya tano. Watu wanakuja kumtazama, wanaona anatembea, wanasema kapona. Mimi ninayekaa naye naona mengine. Juzi tulikaa jamvini tunachambua, yeye upande ule, mimi huku. Mikono yake inakwenda yenyewe, unaijua mikono ya Seif, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, huku, haikosei hata moja. Mara ikasimama. Akaitazama ile karafuu kiganjani muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hizi zetu?" Nikamwambia zetu. Akaendelea. Baada ya muda akaniuliza tena. Jua linamuumiza macho. Hesabu ya pishi, aliyokuwa akiifanya kichwani kabla sijatoa daftari, haiwezi. Na hasira! Seif, ambaye hajawahi kumkemea hata mbuzi, juzi alimpigia mtoto wake kelele kwa kuangusha kikombe, kisha akatoka nje akalia. Daktari kasema inaweza kuchukua miezi, na kwamba mtihani mkubwa ni kichwa hicho kisipigwe tena kabla hakijapona, maana pigo la pili huwa baya kuliko la kwanza. Na jana usiku Seif kaniuliza upembo wake uko wapi.

Sasa nimkumbuke nani ila Shaame. Unamkumbuka Shaame wa kwa kina Mzee Hamadi? Sote tulisema kachezewa. Mara ana shetani, mara karogwa na mke wa mwanzo. Alikuwa fundi wa watu, ghafla akawa hawezi kumaliza neno, anafoka, anasahau njia ya nyumbani kwake. Tulimcheka, mimi na wewe, tukimfuata nyuma na maneno yale. Juzi nilikwenda kwa dada yake nikamuuliza tu hivi hivi, Shaame aliwahi kuanguka? Akanambia ndiyo, mnazini, mwezi mmoja kabla ya ule wazimu, na alisimama mwenyewe akaenda zake kuogelea. Hakuna aliyeunganisha. Amekufa bila hata mtu mmoja kumwambia kuwa hakurogwa. Siwezi kukwambia namna lilivyonikaa jambo hili. Mwisho nimekwenda kumwombea kaburini, na ukija tutakwenda pamoja.

Kwa hiyo nimeamua, na wazee wananiona nimepungukiwa. Siku ya mvua sipandishi mtu, na siku hiyo nitawalipa kwa siku wachambue chini, pishi isiwavute. Hakuna kupanda peke yako shambani. Hakuna mtoto chini ya mti mtu anapochuma juu. Mzee Hamadi kanambia babu zetu walipanda bila kofia. Nikamuuliza kwa heshima, na ule mguu wako, Mzee? Akacheka akanyamaza.

Ombi langu ni hili. Wewe uko kwenye kazi ya kukata miti mjini, unajua vifaa na wanaoviuza. Nitafutie kofia ngumu tano, zile za wapandaji zenye ukanda wa kufunga kidevuni. Nasisitiza ukanda. Kofia ya mjenzi isiyofungwa inafika chini kabla ya mwenyewe. Za bodaboda usininunulie, zinaziba masikio na kwa joto la mkarafuuni mtu ataivua kabla ya saa nne. Na za mtumba usichukue hata ukipewa bure; kofia iliyokwisha kupigwa mara moja kwa nguvu imeshafanya kazi yake, nje inaonekana nzima na ndani imekufa. Najua kofia haimwokoi mtu akianguka kutoka kileleni, sijidanganyi. Lakini lile tawi la chini lililompata Seif juu ya sikio, pale ingemfaa.

Kwa kuanguka kwenyewe nataka kamba na mikanda miwili ya kuanzia. Kamba hizi za minazi tunazovutia matawi haziwezi kumshika mtu. Nimesikia kamba ya kujifungia inafungwa shinani juu ya kichwa chako, siyo chini ya miguu, ili ukiponyoka uning'inie hapo hapo usije ukashuka mita nyingi ndiyo ikushike. Ndivyo mnavyofanya? Nimetenga laki tatu kwanza. Isipotosha, anza na kofia.

Na hapa ndipo nikugombeze. Ile picha uliyotutumia mwezi uliopita, uko juu ya mwembe, msumeno wa mashine mkononi, unacheka. Bi mkubwa kaionyesha mtaa mzima. Mimi niliifurahia siku ile. Baada ya Seif nikaitafuta tena nikaikuza: kichwani una kofia ya kitambaa ya timu yako. Msumeno umeushika kwa mkono mmoja. Nyuma ya bega lako ni waya wa umeme. Uliwahi kunieleza mwenyewe kuwa ncha ya juu ya ule msumeno ikigusa mti inaurusha nyuma usoni kabla hujapepesa. Ulinieleza wewe! Sasa mkono mmoja wa nini? Na vijana wako wa chini wanaovuta matawi, wanasimama mbali? Siku ile nilipokutembelea Tabata nilimwona mmoja amekaa kivulini mwa mti ule ule unaokatwa, anakula muhogo, na juu yake limening'inia tawi lililovunjika likakwama. Sikusema kitu kwa kuwa mimi mgeni. Ningesema.

Sikuandikii kukufundisha kazi yako. Naandika kwa kuwa nimekaa nje ya chumba cha upasuaji usiku kucha na mama yake Seif, na yule mama hakunilaumu hata kwa neno moja, alikuwa akinishika mkono tu. Sitaki kukaa vile na shemeji.

Nijibu, na usinijibu kwa sauti ya sekunde kumi. Unavaa nini kichwani sasa hivi? Unapokata ukiwa juu unajifunga mara moja au mara mbili, maana msumeno ukikata kamba iliyo moja inabaki nini? Huyo anayewapa kazi anawalipia hospitali, au akianguka mtu anachangiwa na wenzake? Umewahi kupigwa tawi kichwani ukaona nyota ukaendelea na kazi, na kama umewahi, ni lini, na kichwa kinakuuma? Usinifiche hilo. Na Seif nimwambie nini akiniuliza tena upembo? Nimeuficha chini ya kitanda changu, lakini yule ni mtu mzima, ana watoto watatu, na msimu unaofuata utafika. Nikimpa kazi ya kupima na kuandika daftari, na hesabu haiwezi, si nitamdhalilisha mbele ya wenzake? Wewe alikuwa anakusikiliza kuliko mimi tangu skuli. Unaweza kuja, hata siku mbili?

Vitu ukivipata mpe mtoto wa Bi Time, anapanda boti Jumatano ya wiki ijayo. Umwandikie kofia ngapi, kwa maana yule ana mikono mirefu. Shemeji na watoto wasalimie.

Ndugu yako,
Khamis