Shukrani kwa dereva wa teksi wa Libreville

Kaka, jina lako sikulipata, na Kifaransa changu unakijua. Februari 2012, wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika, ulitukuta sisi mashabiki wa Zambia kutoka Tunduma tukiulizia ufuko ulio karibu na pale ndege ya Chipolopolo, timu ya taifa ya Zambia, ilipoanguka baharini mwaka 1993, wakafa wote 30. Wachezaji wa 2012 walikuwa wameshakwenda kuweka maua, sisi tulichelewa. Ulitupeleka, ukatungoja juani, na nauli ukaikataa katakata. Tena Gabon yenu ilikuwa imetoka kutolewa na Mali kwa penalti! Zambia ilipoishinda Ivory Coast fainali 8-7 kwa penalti hizohizo, tulikutafuta tukupe jezi, tusikuone. Tunayo bado, na ni yako. Asante sana, Mungu akuzidishie.