Nitumie faili, si picha ya simu

Nakuru,
9 Juni 2025

Kwako Jakisumu,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Nyinyi wa ziwani najua mnateta joto. Ile picha uliyonitumia nimeiona: filamu ya CT (zile picha za mkato za eksirei) imebandikwa kwenye kioo chenye taa, ukaipiga kwa simu, ukauliza mgonjwa wako wa saratani ya umio amebakiwa na misuli kiasi gani. Hapo hakuna cha kupima, ndugu yangu. Filamu huonyesha weusi na weupe aliouchagua aliyeichapisha, simu nayo ikatia mwangaza wake, kisha WhatsApp ikaibana picha. Namba za Hounsfield, zinazoeleza kila pikseli ilizuia eksirei kiasi gani, zimepotea njiani, na bila hizo kutenganisha msuli na mafuta ni kubahatisha. Nenda kwenye kompyuta ya chumba cha CT uombe faili lenyewe la DICOM, yaani picha asili kama mashine ilivyoihifadhi, kwa CD au flashi. Kabla halijatoka hapo, lifutwe jina na namba ya mgonjwa. Zimeandikwa ndani ya faili, si pembeni mwa picha tu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haina msamaha wa marafiki.

Jambo la pili, usimwandikie mtu CT kwa ajili ya kupima misuli peke yake. CT ya tumbo na nyonga humpa mtu takriban milisivati 8 hadi 10 za mionzi. Mgonjwa wako amepigwa tayari kwa sababu ya uvimbe, na atapigwa tena kuona kama dawa inafanya kazi. Sisi tunaokota namba iliyokuwa imelala ndani ya picha hizo. Hakikisha tu kwamba picha zilishuka vya kutosha. Wagonjwa wa umio mara nyingi hupigwa kifua na sehemu ya juu ya tumbo, na picha zikaishia kwenye figo. Tunachohitaji sisi ni pingili ya tatu ya kiuno, L3. Ukiikosa, watu wengine hupima T12, pingili ya mwisho yenye mbavu, lakini vipimo vya L3 vya kulinganishia havihamishiki huko juu.

Kuipata L3 ndipo wengi wanapoteleza. Usihesabu kwa slaisi za mkato wa kulala peke yake. Fungua picha ya ubavu inayoonyesha uti wote, uhesabu kutoka pingili ya mbavu ya mwisho kushuka, kisha kutoka kwenye mfupa wa nyonga kupanda. Hesabu mbili zikigongana, huenda mtu huyo ana pingili sita za kiuno, au ya tano imeungana na ya chini yake. Andika umeamua ipi, ili mara ijayo urudi pale pale. Ukishaipata, chagua slaisi moja ambayo vipembe vyote viwili vya pingili vinaonekana vizuri, kulia na kushoto. Slaisi za milimita 5 zinafaa, za tishu laini na siyo zile zilizonolewa kwa ajili ya mfupa au mapafu. Slaisi ya milimita 1 ina chenga nyingi: pikseli za msuli zinarukaruka hadi chini ya mpaka, programu inazitupa, nawe unadhani mgonjwa amekonda.

Programu ya ImageJ ni ya bure na inatosha. Fungua DICOM, kisha upeleke kishale juu ya hewa iliyo nje ya mwili: isome karibu na -1000. Ikisoma namba za ajabu, kipimo hakijabadilishwa kuwa Hounsfield, simama hapo kwanza. Weka mipaka ya -29 hadi +150, ambayo ndiyo ya msuli. Mafuta ya chini ya ngozi yako kati ya -190 na -30. Kwenye mpangilio wa vipimo chagua eneo na wastani, na utie alama kwenye kisanduku kinachoamuru hesabu ifuate mipaka hiyo tu. Watu husahau kisanduku hicho, na mafuta yaliyo kati ya misuli huhesabiwa kuwa msuli.

Sasa kuchora. Duara la kwanza lipite nje ya misuli yote, chini ya mafuta ya ngozi. La pili lizunguke tumbo kwa ndani: utumbo, figo, mishipa mikubwa ya damu. La tatu lizunguke pingili na mfereji wa uti. Kila moja lipime, kisha toa la pili na la tatu kutoka kwa la kwanza. Kinachobaki ni misuli minene ya mgongo, soasi mbili zilizokaa ubavuni mwa pingili, kwadrati zilizo nyuma yake, tabaka tatu za ubavuni na ile miwili ya mbele. Usidhani mipaka ya namba itakufanyia kazi hii. Ukuta wa utumbo, figo na damu vyote vinasoma ndani ya -29 hadi +150. Hata uboho wa pingili za mzee unaweza kuwa humo. Jihadhari hasa upande wa kulia wa mgonjwa, ambako mshipa mkubwa wa damu umeegemea soasi. Duara la pili likikosea milimita chache, umemwongezea mgonjwa msuli.

Maji nayo ni mwizi mkubwa. Maji yanasoma 0 au juu kidogo, yaani ndani kabisa ya mipaka ya msuli. Mgonjwa aliyevimba ubavu atatoka na namba nzuri huku mkono wake ukikuonyesha mfupa. Ukiona mistari mistari ya kijivu ndani ya mafuta ya ngozi, usiiamini namba hiyo. Mikono iliyoachwa chini wakati wa kupigwa huleta michirizi vilevile, na mtu mpana anaweza kukatwa ubavu na ukingo wa picha.

Eneo ni idadi ya pikseli mara ukubwa wa pikseli moja. Chukua picha ya pikseli 512 kwa 512 iliyopigwa kwa upana wa milimita 400: pikseli moja ina upande wa milimita 0.78125, sawa na milimita mraba 0.61. Mama akitoka na pikseli 17,000 za msuli, hiyo ni sentimita mraba 103.8. Gawanya kwa kimo chake kwa mita kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe. Akiwa na mita 1.60, unapata 40.5, na hiyo ndiyo fahirisi ya misuli yake.

Hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo. Mtu akiandika kwenye kadi mita 1.65 kwa kukisia, mama yule yule anashuka hadi 38.1. Kipimo kimojawapo kinachotumiwa sana, cha Kanada cha mwaka 2008, kinaweka mpaka wa wanawake 38.5 na wa wanaume 52.4. Sentimita tano za uvivu zimemtia mgonjwa upande wa waliopungukiwa. Huwa nasikitika kuona watu wakibishana juu ya programu ipi inachora vizuri zaidi wakati kimo kimeulizwa kwa mdomo. Mpime bila viatu, visigino ukutani. Akiwa amepinda mgongo au hawezi kusimama, pima urefu wa mikono iliyonyooshwa pande zote, uandike kwamba ulitumia njia hiyo.

Mipaka yenyewe isikutawale. Ile ya 2008 ilitokana na wagonjwa wa saratani wanene. Ya 2013 ikaweka 41 kwa wanawake wote, na kwa wanaume 43 ikiwa uwiano wa uzito na kimo (BMI) uko chini ya 25, na 53 ukiwa 25 au zaidi. Hakuna aliyeipima kwa watu wa Nyando wala wa Molo. Kwangu mimi namba yenye faida ni ya mgonjwa mmoja akilinganishwa na nafsi yake, kabla ya dawa na baada yake, kwa mchoraji yule yule. Mchoraji mmoja akirudia picha ile ile hutofautiana kwa karibu asilimia 1 hadi 2, kwa hiyo kwenye sentimita mraba 103.8, kupungua kwa 2 hakukuambii kitu.

Andika pia wastani wa Hounsfield wa msuli uliobaki, maana msuli uliojaa mafuta hauna nguvu hata ukiwa mpana. Chini ya 41 ni dhaifu kwa mtu mwembamba, chini ya 33 kwa mwenye uwiano wa 25 au zaidi. Ila dawa ya kontrasti, ile anayodungwa mgonjwa ili picha ing'ae, hupandisha wastani huo, na kilovolti za bomba la eksirei zikishuka kutoka 120 hadi 100 namba zinasogea. Picha mbili zikipigwa tofauti, usilinganishe wastani. Andika tu kwamba haulinganishiki.

Kuhusu swali lako kama ultrasaundi inafaa kupima misuli, ndiyo, inafaa pale ambapo CT haipo, kwa mwenye kifua kikuu au aliyelala wadi muda mrefu. Hapo tunapima msuli wa mbele wa paja. Alale chali, miguu imenyooka na imelegea, apumzike dakika chache kwanza. Pima kutoka nundu ya mbele ya mfupa wa nyonga hadi ukingo wa juu wa kilegesambwa, tia alama katikati kwa kalamu. Tumia probu ya mstari (kile kichwa cha mashine kinachogusa ngozi, chenye uso ulionyooka), isimame wima kabisa, na jeli ya kumwaga. Hapo kosa ni moja: kubonyeza. Msuli laini wa mgonjwa hukandamizika hata kwa uzito wa probu, kwa hiyo usianze kupima mpaka uone utando wa jeli mweusi kati ya probu na ngozi. Soma unene mara tatu, chukua wastani, na mara ijayo urudi mguu ule ule.

Basi nitafutie lile faili, L3 ikiwemo, na kimo chake kilichopimwa leo, si cha kwenye kadi. Kama alipigwa kwa dawa ya kontrasti au bila, andika kwenye kikaratasi uambatanishe na CD.

Wako wa Nakuru