Gari la modeli halimaliziki kwa wikiendi moja, msiwadanganye wasomaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe la moyoni. Mwandishi wenu wa ukurasa wa mapumziko ameandika kuhusu kuunga na kupaka rangi vigari vya modeli, vile vidogo vya plastiki vinavyouzwa vipande vipande kwenye boksi (ndo seti yenyewe), akasema ni njia nzuri ya kutuliza akili, na hapo nakubaliana naye asilimia mia, ila mwishoni akamshauri msomaji anunue seti Ijumaa, Jumamosi aunge, Jumapili asubuhi apake rangi na jioni gari liwe kabatini. Hapo ndo nimeshindwa kunyamaza. Atakayefuata huo ushauri ataliharibu gari lake la kwanza kabisa, alafu ataamini hana mikono ya kazi hii, kumbe alipewa ratiba mbovu.

Nianze na rangi maana ndo inayoumiza wengi. Rangi ya mafuta inakauka kuanzia juu kwenda chini, yaani ile sura ya nje inashika haraka, ukiigusa kidogo unaona imekauka, kumbe ndani bado laini na inaendelea kukomaa pole pole kwa hewa siku kadhaa. Mi mwaka wangu wa kwanza nilipaka bodi nyekundu jioni, kesho yake asubuhi nikaishika juu ya paa ili nibandike kioo cha mbele kwa sababu nilitaka nimalize kabla ya Jumatatu. Nilipotoa mkono dole gumba lilikuwa limeachwa pale, mistari yote ya ngozi inaonekana, hata ile ya katikati inayozunguka. Nililia kwa kweli, maana ile bodi nilikuwa nimeipiga msasa siku tatu. Ikabidi nisubiri wiki nzima, nisugue tena paa lote na nianze upya. Toka hapo kipimo changu ni pua, bodi naifunika na boksi isipate vumbi, na kila siku naisogeza puani, kama bado inanuka rangi basi haijakauka, siigusi. Mara nyingi inachukua siku nne tano, kukiwa na baridi hata zaidi.

Kuna hesabu ndogo ambayo mwandishi wenu angeipiga asingetoa ushauri ule. Vigari vingi vya kuunga viko kwenye kipimo cha 1:24 au 1:25, maana yake gari halisi la mita 4.8 linakuwa na sentimita 20 tu. Sasa rangi ya gari halisi kutoka kiwandani, tabaka zote pamoja, ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukipaka unene huohuo juu ya modeli ya 1:24, ni sawa na gari halisi lenye rangi ya unene wa milimita 2.4! Ndo maana modeli iliyopakwa kwa haraka inaonekana kama imechovywa, mistari ya milango imejaa, vishikio vimezama, boneti haieleweki inaanzia wapi. Dawa yake ni tabaka nyembamba, ya kwanza nyembamba mpaka plastiki inaonekana kwa chini, unaacha, unarudi, unaacha tena. Hiyo haiwezi kufanyika Jumapili asubuhi hata ungekuwa fundi wa namna gani.

Na kabla hata ya rangi kuna mambo. Vipande vikitoka kwenye boksi vinakuwa na utelezi wa dawa ya kiwandani inayosaidia plastiki itoke kwenye kalibu, usipoviosha kwa maji ya sabuni na kuviacha vikauke vizuri rangi inakimbia au inabanduka na tepu. Gundi nayo watu hawaijui, plastiki ya seti hizi ni polistirini na gundi yake haikamati kwa juu juu kama ya karatasi, inaiyeyusha plastiki kidogo pande zote mbili zinaingiliana na kuwa kitu kimoja. Ni nzuri sana lakini pale kwenye kiungo pamelainika, na dawa ya gundi ikiendelea kuyeyuka hewani pananywea, kwa hiyo ukipiga msasa siku hiyohiyo pakaonekana sawa, baada ya wiki ukishapaka rangi unashangaa kuna mfereji mwembamba umejitokeza. Kiungo kiache siku mbili. Halafu tafadhali wasomaji wasitumie supagluu kwenye vioo, mvuke wake unaacha ukungu mweupe ambao haufutiki kirahisi, watumie gundi nyeupe ya mbao, inakauka na kuwa angavu kabisa.

Najua kuna atakayesema sasa hii si mapumziko tena, ni kazi. Mi naona kinyume. Kusubiri si kukaa bure. Bodi ikiwa kwenye boksi lake mi nipo na injini, nipo na viti, ringi, dashibodi. Dashibodi ndo napenda kuliko vyote. Ni kipande kifupi kama kidole, kimepakwa cheusi kisichong'aa, na kwenye saa za spidi kuna alama zimeinuka ndogo kuliko chembe ya mchanga. Nachukua brashi ya zamani, nachovya rangi nyeupe ncha tu, alafu naifuta kwenye tishu mpaka ionekane kama haina kitu, ndo napitisha juu ya zile alama taratibu, mara ya kwanza huoni chochote, ya pili, ya tatu, afu ghafla mshale unatokea, namba zinatokea, saa inasomeka. Hapo nimekaa dakika arobaini na sijawaza ofisi hata mara moja. Nilikuwa narudi nyumbani kichwa kimejaa, nalala nikiwa bado nagombana na watu kichwani, na hiki kitu ndo kimenisaidia, kwa sababu ukishika kioo cha pembeni kwa kibano huwezi kuwaza mawili, ukiwaza mawili kinaruka na hukioni tena.

Ukimwekea mtu saa ya kumaliza umemrudisha kulekule ofisini. Anakaa mezani na ile hofu ya kuchelewa aliyoikimbia.

Nitoe na mfano wa wanaozitengeneza zenyewe. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilipotaka kutoa modeli kubwa ya Porsche 934, gari la mashindano lililotokana na 911, ya kipimo cha 1:12, iliyotoka mwaka 1976, walifika mahali wakanunua Porsche 911 halisi wakaifungua kipande kwa kipande ili waone kila kitu kinavyokaa. Gari zima zuri, linafunguliwa kwa ajili ya modeli! Sasa mtu kafungua gari halisi ili wewe upate umbo sahihi la kipande kidogo cha injini, nawe unaambiwa ukigandishe upesi upesi usiku wa Jumamosi ukiwa na usingizi. Inaniuma.

Hata hali ya hewa yenyewe ina neno lake. Siku ya mvua hewa ikiwa na unyevu mwingi spreyi inashika ukungu, rangi iliyotakiwa kung'aa inakuwa na weupe weupe, kwa hiyo siku hizo hupulizii hata kama ratiba inasema upulizie. Na ukitaka kupaka rangi tofauti juu ya nyingine ujue zinavyopatana, ukipulizia rangi yenye thina kali juu ya rangi ya mafuta ya chini inakunjamana kama karatasi iliyolowa, na hapo hakuna cha kuokoa zaidi ya kusugua yote. Ah na jambo ambalo makala haikugusa kabisa, mtu afungue madirisha na avae barakoa ya kuzuia mvuke, thina si kitu cha kuvuta chumbani milango imefungwa na watoto wamelala hapohapo.

Ninachoomba, Mhariri, ni msahihishe. Waambieni wanaoanza wachague seti yenye vipande vichache, wajipe wiki tatu au mwezi, na wasione aibu boksi kukaa mezani wiki nzima bila kuguswa. Mi sasa hivi nina bodi ya kijani, leo ni siku ya nne, nimeinusa asubuhi bado inanuka, nimeifunika nikaenda zangu kwenye matairi. Barua hii naomba itoke mapema kidogo, kuna wasomaji wameshanunua seti kwa ushauri wenu na Jumapili ndo hiyo inakuja, ingewakuta hawajafungua kopo la rangi ingekuwa vizuri sana.

Ni mimi msomaji wenu wa kila siku.