Barua ya wazi kwa vijana wanaotaka kuvuka mpaka na kampuni zao changa

Wanangu,

Mwezi huu pekee nimeletewa mipango mitatu ya biashara, na yote mitatu ina ramani ya dunia iliyopakwa rangi. Mmoja unataja nchi kumi na mbili ndani ya miaka miwili, na kampuni yenyewe ina watu tisa. Mliniomba nisiwafiche, basi nasema: mnataka kwenda kwingi kabla hamjajua ni nini kiliwapa ushindi hapo mlipo.

Wateja wenu wa sasa wanawalipa kwa nini? Msiniambie programu yenu ni nzuri. Nzuri ziko nyingi. Itazameni M-Pesa: ilianza Kenya mwaka 2007 ikaenea upesi ajabu. Mwaka 2010 ikapelekwa Afrika Kusini, na kufika 2016 huduma hiyo ilikuwa imefungwa huko. Teknolojia haikuharibika njiani. Ilikotoka, watu wengi hawakuwa na akaunti ya benki. Ilikokwenda, benki zilikuwa zimekwisha kuwafikia wengi zaidi. Dawa ilisafiri, ugonjwa ukabaki nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kuulizana soko la nchi fulani ni kubwa kiasi gani, ulizaneni kama watu wa huko wanaumwa pale mnapotibu, na kwa sasa wanajitibu vipi.

Nami nilikwenda kichwakichwa, msidhani nawahubiria kutoka mbali. Mfumo wetu wa malipo ulihifadhi kila kiasi kwa senti, yaani bei ilizidishwa kwa mia kabla ya kutumwa benki. Tukafungua mauzo Japani, na yeni haina senti. Mteja wetu wa kwanza alitakiwa kulipa yeni 5,000, akakatwa 500,000. Alituandikia kwa adabu kabisa: "Naomba kujua nimenunua nini." Kwake ilikuwa asubuhi, sisi tulikuwa tumelala fofofo. Tulipoamka alikuwa amekwisha kuandika mara tatu, na barua ya tatu ilitaja benki yake. Kurekebisha msimbo kulichukua dakika ishirini. Yule mteja hatukumwona tena.

Tangu siku ile nikisikia mtu anasema "tutatafsiri tu maneno", nakaa chini nimuulize maswali. Tarehe 03/04 ni Aprili au Machi? Marekani wanaanza na mwezi, kwingi kwingine wanaanza na siku. Ujerumani 1.500 ni elfu moja na mia tano, si moja na nusu. Fomu yenu inalazimisha jina la ukoo; Indonesia wako watu wengi wenye jina moja tu, nao watakwama hapo hapo kwenye ukurasa wa kujisajili. Kiarabu kinasomwa kutoka kulia, na ukurasa mzima lazima ugeuke nacho. Na malipo! Brazili wamezoea Pix, Uholanzi iDEAL, njia za kulipa moja kwa moja kutoka benki. Mkiweka sehemu ya kadi peke yake, mteja anafika mlangoni na pesa yake mkononi, halafu nyinyi ndio mnaomfungia.

Sheria sitazieleza kwa urefu, hiyo ni kazi ya wakili, na awe wakili wa huko mnakokwenda, si rafiki yenu aliyesoma sheria hapa. Ila jueni hili: sheria ya Ulaya ya data binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2018, inawahusu mkiwauzia watu wa huko hata kama hamna ofisi wala meza Ulaya. Faini yake ya juu ni euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya kampuni ya mwaka kutoka dunia nzima, ile iliyo kubwa zaidi. Na kodi ya ongezeko la thamani kwa huduma za kidijitali hutozwa kwa kiwango cha nchi anakokaa mnunuzi. Wawekezaji hawalitaji hili wanapowasukuma.

Nao watawasukuma. Watawatajia Netflix iliyofungua zaidi ya nchi 130 kwa siku moja, Januari 2016. Wajibuni kwamba ilipotoka Marekani ilianza na Kanada peke yake mwaka 2010, jirani wa mlango wa pili kabisa, ikaja Amerika ya Kilatini mwaka uliofuata. Wingi wa pesa nao haukuisaidia Uber huko China. Mwaka 2016 iliiuzia Didi, mpinzani wake wa huko, biashara yake ya China.

Sasa nani aende? Hapa ndipo mnaponiudhi kidogo. Wote mmepanga kuajiri "meneja wa kanda" na kumwachia ufunguo. Mgeni aliyeajiriwa jana hawezi kuwaambia kwamba bidhaa yenu haifai. Anaogopea mshahara wake. Aende mmoja wenu mlioanzisha, akae miezi mitatu, akae pembeni ya wateja kumi na kuwatazama wakitumia programu bila kuwasaidia. Ni kazi ya kuchosha, na mikono itawawasha mkiona mtu anabonyeza kitufe sicho.

Yule mwenye nchi kumi na mbili aniletee mpango mpya wenye nchi moja, pamoja na jina la atakayesafiri. Hiyo ramani nitamrudishia.

Mzee wenu