Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, wauza tairi kuukuu

Wanachama wenzangu, hamjambo. Nianze na yale mnayoyajua tusipoteze muda: misiba 4 tumezika, harusi 2 tumechangia, choo cha uani kimetengenezwa, mlinzi kaongezewa kidogo. Mapato 2,870,000, matumizi 2,790,000, ukitaka risiti mfuate mhazini. Wanachama tuko 61, waliomaliza ada ni 23. Mkutano wa Septemba tulikuwa watu 9 na mmoja wao alikuwa mteja kaja kuulizia tairi.

Sasa habari ya turubai, maana najua ndiyo mnayonisengenyea kwenye grupu.

Ni kweli nilitoa 1,150,000 kwenye mfuko wa misiba kununua turubai za kufunika tairi na kutoboa zile zisizouzika, na ni kweli sikuita kikao, ningemwita nani, wale 9? Mvua zilishaanza na rundo la tairi nyuma ya vibanda limejaa maji. Mnaosema Kampala ina mbu tangu enzi za babu, we lala kwenye neti, hamjanielewa. Mbu wa malaria anauma usiku, neti inamzuia, sawa. Huyu wa kwenye tairi, mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, anauma mchana sisi tumekaa tunauza, na ndiye anayeeneza homa ya manjano, dengi, chikungunya na Zika, na hiyo Zika msidhani ni ya Brazil jamani, iligunduliwa 1947 kwa tumbili kwenye msitu wa Zika hapo njia ya Entebbe. Mayai yake yanashika ndani ya tairi, yanakaa makavu miezi na hayafi, yakiloa tu yanaanguliwa, wiki moja na kitu mbu huyo karuka. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi, lazima tairi ifunikwe au itobolewe.

Tairi moja tu niliiinamisha kwenye beseni jeupe mbele ya mhazini, viluwiluwi vya mbu vikajaa, vinajinyonganyonga. Alisaini pesa zitoke bila neno.

Tairi zilizotobolewa ni vipara visivyouzika, anayedai nimemharibia mali alete risiti. Kijana wa drili ni mpwa wangu ndiyo, lakini kachaji nusu ya bei, hilo mbona hamlisemi.

Mwaka ujao Mungu akijalia tutaangalia mambo ya paa, na tutamuomba mtu wa afya aje atuongeleshe akipata nafasi. Ada bado 5,000 kwa mwezi. Na turubai moja imeshapotea, aliyeichukua anajijua.

Mwenyekiti