Jiko Libaki Nje

Mwanangu,

Funguo za gari nimeziacha mezani. Hema lipo kwenye buti, limekamilika, ila nguzo moja imepinda. Ilipinda ule usiku wa upepo ulipokuwa na miaka saba, ukakataa kulala kwa sababu msitu ulikuwa kimya mno. Leo mnakwenda wenyewe kuutafuta huohuo ukimya.

Fikeni mapema. Mlimani jua huzama nyuma ya vilele wakati kule chini bado ni alasiri, na kupigilia vigingi vya hema kwa mwanga wa tochi ni kazi ya kugombanisha marafiki. Kabla ya kutandaza hema, tazama juu: tawi kavu likining'inia, sogea. Usikae bondeni kabisa, maana usiku hewa baridi huteremka na kutuama kama maji. Kila mkipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Haya makoti unayoyaona ni mzigo leo mchana, utayatafuta saa nane za usiku.

Na baridi ya kambini hutoka chini. Watu hujirundikia mablanketi juu, chini wana godoro la kujaza upepo tu, ambalo ndani yake hewa inapoa usiku kucha. Blanketi moja liwe chini yako.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kukupigia simu. Usiku ule ule wa upepo wewe ulikuwa unatetemeka, nami nikalinyanyua jiko la mkaa niliingize hemani. Makaa yalikuwa yamefifia, nikaona hayana neno. Mzee wa hema la jirani akanifokea mbele za watu: "Unataka mtoto asiamke?" Nilikasirika. Niliona ananidharau. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba mkaa hata ukibaki mwekundu kidogo tu hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, usingizi unakulemea, basi. Kufungua zipu kidogo hakusaidii. Sikuwahi kukusimulia kwa aibu.

Kwa hiyo jiko lisiingie hemani, lisiingie garini, liwe la mkaa au la gesi. Mkizidiwa na baridi, laleni ndani ya gari injini ikiwa imezimwa, vioo viwili vimeachwa wazi upana wa kidole. Vikifungwa vyote, asubuhi pumzi zenu zitakuwa zinachuruzika ndani. Taa ya ndani izimwe pia, itawamalizia betri.

Moto wa kuni muuzime kwa maji, mkoroge majivu, mmwage tena, kisha upitishe kiganja juu yake. Ukihisi joto, bado.

Ile nguzo iliyopinda nimeizungushia utepe mwekundu. Iweke upande usioelekea upepo.

Mama yako