Kabla hujaenda Manyara

Kisongo, Arusha

Chalii yangu,

Habari za Moshi? Mama mfikishie shikamoo yangu. Nimesikia safari yako ya kwanza ya kurusha ndege peke yako ni Manyara, kiwanja cha ndege ambacho hujawahi kukanyaga. Nenda, ila nenda asubuhi, jua halijachachamaa.

Wewe umefundishwa Dar, usawa wa bahari. Hapa Kisongo tuko karibu futi 4,550, na Manyara nako kunapita 4,000. Hewa ni nyepesi, na joto la mchana huizidishia wepesi. Unapokuja kutua, kipimo cha spidi kitasoma noti 65 zilezile (maili za baharini kwa saa) ulizozizoea kwenye ile ndege ndogo ya Cessna 172, lakini ardhi itapita chini yako mbio kuliko Dar. Macho yatakwambia punguza. Usiyasikilize! Bawa halijui habari za ardhi, linajua hewa tu. Ukipunguza hapo bawa litaishiwa nguvu ya kukubeba ungali juu ya miti. Shika spidi ya kitabu, ukubali kwamba ndege itachelewa kusimama. Hesabu ya urefu wa njia ya kutulia imalize mezani kabla hujawasha injini.

Macho hayohayo yana uongo mwingine. Njia nyembamba, au inayopanda, hukufanya ujione uko juu mno, ukashuka mapema bila kujua. Halafu Manyara iko juu kabisa ya ukingo wa Bonde la Ufa, na upepo ukiuvuka ukingo humwagika chini upande wa pili. Karibu na ukingo usije chini chini.

Kwa hiyo usiingie moja kwa moja. Pita juu kwanza, uangalie soksi ya upepo (ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea), mashimo, ng'ombe, pundamilia (wale hawaogopi honi wala injini), na utatokea wapi ukilazimika kupaa tena. Kama kuna mnyama njiani, panda, zunguka mzunguko mzima upya. Marubani wengi wanaona aibu kuzunguka mara ya pili abiria wakiwatazama. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe.

Na kile kitufe chekundu cha mafuta, kinachopima mchanganyiko wa mafuta na hewa: Dar ulizoea kukisukuma hadi mwisho unapotua. Kwenye miinuko hii mafuta yakizidi hewa, injini hukohoa wakati unaitaka nguvu yote. Kirekebishe mapema.

Ukishatua, ifunge ndege kamba kabla hujanipigia simu. Upepo wa mchana kule juu hauna adabu.

Wako wa Kisongo